Nilificha ndoo ya mlenda wa marehemu mama, nusura nimpoteze mdogo wangu

Wakuu, habari za leo.

Mimi humu ni msomaji tu, nasoma nyuzi za watu naondoka kimya. Juzi mdau mmoja aliuliza mtu akifiwa afanye nini ili akili itulie. Majibu yakawa mengi, wengine wakamwambia ahame mji kabisa.

Sijasomea saikolojia. Shule yenyewe niliiachia kidato cha pili. Ila nitasimulia kilichotokea nyumbani kwetu Misigiri, Iramba, kama kilivyokuwa. Chumvi sitaongeza. Kilichozidi ni magadi tu, mtaona mbele.

Tuko watatu na mimi ndiye mkubwa. Ananifuata Mariamu, wakati huo miaka kumi na sita, halafu Eliza, miaka kumi.

Baba alifariki zamani, ndiyo maana niliacha shule nikaenda kubeba magunia kwenye mashine ya kukamua alizeti. Mama naye akafariki mwaka juzi, mvua zikielekea kuisha.

Baada ya msiba ndugu wakakaa kikao. Shangazi yetu wa Manyoni akasema atamchukua Eliza. Mariamu aende kwa mjomba. Mimi ni mwanaume, nitajitegemea.

Nikakataa. Nikasema, "Shangazi, naomba tubaki hapa wote. Nitawalea."

Akaniangalia, wala si kwa ubaya. "Utawalea hivyo hivyo tu, baba? Haya. Shule zikifungwa mwezi wa sita nakuja. Nikikuta huyu mtoto bado hali, bado hasemi, naondoka naye. Na dada yake ataenda kwa mjomba."

Maana Eliza alikuwa ameacha kula. Anaweka tonge mbili mdomoni, basi. Kuongea ni "ndiyo" na "hapana".

Sasa hapa ndipo nilipofanya kosa.

Mama alituachia ndoo ya mlenda. Kwa wale wa Dar mnaoujua wa kununua kwa mafungu: huku kwetu mvua zikinyesha unachumwa porini, unaanikwa, unatwangwa, unawekwa wa mwaka mzima. Ule mama alikuwa ameutwanga mwenyewe wiki chache kabla ya kuugua. Nilipofungua ndoo nikakuta umebaki robo, na alama ya kikombe alichochotea mara ya mwisho bado ipo.

Nikafunga kifuniko, nikakaza kwa mpira wa baiskeli, nikaipandisha juu ya kabati. Nikapiga marufuku. Huu hauguswi.

Si hivyo tu. Sinia tuliyokuwa tunalia chakula wote nikaitundika ukutani, nikanunua sahani tatu zenye vifuniko. Kwenye mashine sina saa maalumu ya kurudi, nikaona kila mtu awe na chakula chake, anakula akijisikia. Niliona ni utaratibu mzuri. Kumbe kila mmoja alichukua sahani yake akaenda nayo kwenye kona yake.

Nilijaribu kila kitu. Wali, chipsi mayai, soda. Eliza anaonja, kinachobaki wanakula kuku. Ilipofika mwezi wa tano sketi yake ya shule ilikuwa inashikiliwa na pini.

Nikampeleka zahanati. Nesi akampima, malaria hakuna, minyoo hakuna. Akaniuliza, "Huwa mnakula pamoja?"

Nikajibu, "Ndiyo."

Eliza akainua macho akaniangalia. Wakuu, nimebeba magunia mengi, lakini yale macho yalikuwa mazito.

Njiani nikamwuliza, "Eliza, sema ukweli, unataka kula nini?"

Akasema, "Mlenda wa mama."

Mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Ule hauliwi." Halafu nikajisikia nilivyosema. Chakula, hakiliwi. Mtoto anakonda, na mimi nalinda alama ya kikombe.

Tulipofika nikapanda kwenye kigoda, nikaishusha ndoo.

Mariamu akaniuliza, "Si ulisema haiguswi?"

"Leo inaguswa. Washa moto."

Nikasema napika mimi mwenyewe. Nilikuwa nimemwona mama akipika mlenda maisha yangu yote, nikadhani kuona ni kujua. Magadi nikaponda bonge zima nikatia. Mlenda ukawa kijani kama rangi ya mlango. Nikaishusha sinia, nikaweka ugali wa uwele katikati, tukanawa.

Mariamu akachovya, akatafuna, akasema, "Kaka, umepika sabuni ya kufulia."

Eliza naye akaonja. Uso ukamkunjamana. Akacheka. Sauti ile nilikuwa sijaisikia tangu msiba. Kicheko kikageuka kilio, na sisi tukaingia humo humo. Tulilia wote watatu tumezunguka sinia, vidole vina ugali. Kila mmoja alikuwa amelia peke yake muda wote huo, pamoja ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Baadaye Eliza akafuta kamasi, akasema, "Mama alikuwa anaonja kwanza maji ya magadi. Bandika sufuria tena."

Yeye akachukua kipekecho, kile kijiti cha kukorogea mlenda. Mimi nikasaga karanga. Ulipoiva akainua mwiko kama mama alivyokuwa akifanya, kuona uzi wa mlenda unavutika hadi wapi. Siku ile alikula mpaka akakwangua bakuli.

Kuanzia hapo nikaweka sheria. Sinia ni moja. Kila mtu ana kazi jikoni. Hakuna anayeanza mpaka tutimie watatu, hata nikichelewa. Nikaomba kwenye mashine niwe natoka mapema, nikawa naingia alfajiri zaidi. Wenzangu wakiniona na nyanya mkononi wanapiga kelele, "Bwana mapishi! Unaolewa lini?" Nikawajibu mahari bado haijatosha.

Msidhani ilinyooka. Kuna wiki Eliza alirudi kimya. Kuna siku mimi na Mariamu tulinuniana. Lakini sinia iliwekwa. Mkinuniana, nunianeni hapo hapo mkila.

Mwezi wa sita shangazi akaja, na begi kubwa tupu. Nikalielewa begi lile kabla hajakaa.

"Shikamoo shangazi," Eliza akasema. "Nawa mikono. Tulikuwa tunakusubiri wewe tu."

Shangazi akanawa, akamega, akachovya. "Huu ni mkono wa wifi yangu."

"Ametwanga mama," Eliza akamjibu. "Nimepika mimi. Kaka haruhusiwi kugusa magadi."

Shangazi alicheka hadi khanga ikamdondoka begani. Akala. Alipomaliza akasema, "Leteni lile begi langu."

Eliza akaacha kutafuna.

Shangazi akalifungua. "Nitilieni humu mlenda kidogo. Siwezi kurudi Manyoni na begi tupu."

Eliza akanitazama. Kwenye ndoo vilikuwa vimebaki kama vikombe viwili, vya mwisho vya mama. Nikatikisa kichwa kukubali. Akakung'uta ndoo yote kwenye mfuko, hakubakiza hata vumbi.

Mvua zilipokuja tulichuma wenyewe. Ule wa kwanza ulikuwa na mchanga, tuliula hivyo hivyo kwa ubishi. Wa mwaka huu ni safi, na ndoo imejaa.

Nilichojifunza: marehemu akiacha chakula, kipikeni. Kikae matumboni mwenu, si juu ya kabati. Na kama kuna mtu ndani amenyamaza, usimpelekee sahani chumbani. Mpe vitunguu amenye, kaa naye hapo.

Wenye uzoefu wa msiba shusheni hapa, mlirudije mezani? Na wanaotaka kuuliza kiasi cha magadi, nitamwita Eliza awajibu.