Siku Macho Alipokimbia

Mtu akipiga mpira ukapotelea vichakani, hakujisumbua kuutafuta kabla ya kumwuliza Macho. Macho angesimama tu, mkono mmoja kiunoni, akayatazama majani kama mtu anayesoma barua, kisha akaenda moja kwa moja mpaka ulipolala. Ndiyo maana jina alilopewa na wazazi wake lilisahaulika pale klabuni. Hata mkewe, fundi cherehani aliyekuwa mkali kwa mambo ya heshima, alichoka kubisha, akakubali kuitwa mke wa Macho.

Alikuwa kedi, yaani mtu wa kuwabebea wachezaji wa gofu mfuko wa fimbo na kuwashauri wapige vipi. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na saba, katika uwanja uliopakana na mto. Upande wa maji haukuwa na uzio, kwa hiyo wanyama waliingia na kutoka kama watu wa nyumbani. Tumbili waliiba mipira wakidhani ni mayai, na wakiiuma wakakuta si mayai waliitupa kwa hasira. Siku moja mpira wa wakili fulani ulitupwa na tumbili ukasimama karibu na shimo kuliko alivyowahi kuufikisha yeye mwenyewe, na wakili akasimama kuutetea uhesabiwe mpaka wenzake wakashika mbavu. Kenge waliota jua kwenye mchanga. Chatu aliyeshiba aliwahi kulala siku mbili chini ya ukingo wa shimo la nne, na watu wazima wenye vyeo vyao wakalizunguka kwa adabu kubwa.

Viboko hawakuwa wa kuchekwa. Walitoka mtoni giza likiingia, wakala nyasi usiku kucha, na kabla jua halijachomoza walikuwa wamerudi majini. Kila kedi alifundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: asubuhi tazama chini. Nyayo zikienda na zikarudi, cheza. Zikienda zisirudi, geuka.

Mchezaji aliyembebea kwa miaka kumi na tisa alikuwa daktari wa meno, mzee mrefu mwenye sauti ya upole, aliyestaafu lakini hakuacha kutazama midomo ya watu. "Yule anatabasamu upande mmoja," angesema, "gego la juu hilo, hatamaliza mwezi bila kuling'oa." Mabinti pacha wa Macho walikua wakitibiwa meno naye. Macho na Daktari walitembea pamoja asubuhi mbili kila wiki, na katika kutembea kule walikuwa wameambiana mambo ambayo mtu hamwambii nduguye. Goti la kulia la Daktari lilikuwa limepasuliwa mara mbili. "Goti langu lina akili zake," alizoea kusema. "Mimi nikitaka kwenda, lenyewe linataka kikao."

Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umeshika nyasi, na mto ulikuwa umejaa kwa mvua za huko juu. Daktari alikuwa anacheza kama kijana. Mpaka shimo la kumi, kati ya kumi na nane ya uwanja, hakuwa amekosea hata pigo moja, na Macho, aliyekuwa hasemi sana, alishikwa na furaha mpaka akawa anapiga mluzi. Walipofika la kumi na moja, akanyamaza. Alichuchumaa.

"Daktari, kuna nyayo zimeelekea kwenye kidimbwi. Za kurudi sizioni."

Daktari aliegemea fimbo yake. "Za leo?"

"Za leo. Kubwa, na ndogo pembeni."

Mzee alitazama bendera kule mbele, akatazama ukungu. "Macho, siku kama hii sijaipata tangu nianze kucheza. Tumalize hili moja tu, halafu twende zetu."

Hapo ndipo Macho alipopaswa kukataa. Alikuwa amewakatalia majaji na wakuu wa benki, na wote waligeuka. Lakini siku ile naye aliutaka ule mchezo uishe vizuri, kama vile ni wake. Akasema, "Haya. Moja tu."

Mpira uliruka vizuri, ukadunda, ukabingirika mpaka karibu na matete. Walikuwa wameukaribia walipomsikia mnyama kabla ya kumwona, pumzi nzito kama ya gari bovu. Ndama alikuwa kwenye tope la kidimbwi, kushoto kwao. Mama yake alisimama kulia, juu ya nyasi. Wao walikuwa katikati.

Kiboko alifungua mdomo.

Macho alitimua mbio. Hakuamua kukimbia, miguu ilikuwa imekwisha kuamua. Ilikuwa mguu niponye, mfuko ukiwa begani, fimbo zikigongana mgongoni. Mbele yake kulikuwa na kibanda cha pampu ya maji, cha matofali, chenye mlango wa chuma. Nyuma yake alisikia sauti ya Daktari ikimwita mara moja tu.

"Macho!"

Hakugeuka. Aliingia kibandani, akavuta mlango, akasukuma komeo.

Ndani kulikuwa na harufu ya mafuta ya mashine. Alisimama ameshikilia komeo kwa mikono miwili, kana kwamba kuna mtu anataka kulifungua. Alikaa kwa muda gani, hakujua. Kulipokuwa kimya, alifungua. Kiboko na ndama walikuwa wamekwisha kwenda zao mtoni. Daktari alikuwa amelala kwenye nyasi, na nyasi zile hazikuwa za kijani tena.

Hapo akili ilimrudia. Alivua shati, akamfunga paja kwa nguvu zake zote, akapiga kelele mpaka wakata nyasi wakaja na trekta. Walimkuta amepiga magoti, kifua wazi, damu mpaka viwikoni, amemshika mzee kama mtu anayembeba mtoto. Hakuna aliyesikia alichoambiwa dakika chache kabla, Daktari alipofumbua macho na kusema kwa ile sauti yake ya upole, "Sasa usiondoke."

Hakuondoka. Alikaa naye kwenye trekta, akakaa naye kwenye gari la wagonjwa, akakaa kwenye benchi la hospitali mpaka kesho yake, kabla ya adhuhuri, madaktari walipotoka kumwambia mke wa mzee kwamba mumewe amekata roho.

Hadithi ilijitengeneza yenyewe. Wakata nyasi walisimulia walichokiona, makedi wakaongeza chumvi, na kabla ya mazishi kila mtu alikuwa anajua kwamba Macho alibaki na bwana wake mbele ya kiboko. Mwenyekiti wa klabu alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Makaburini walimweka mstari wa mbele na familia. Macho aliinamisha kichwa, na watu wakasema, tazameni mtu mwenye utu. Kila sifa ilimwingia kama mwiba, na kila siku aliyonyamaza ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Wiki mbili baadaye mjane alimtumia mfuko wa fimbo za mumewe, na karatasi ndogo: "Angependa uwe nazo." Mkewe Macho aliuweka sebuleni, karibu na cherehani. Macho akawa anapita upande wa pili wa chumba. Chakula alikichokoachokoa tu, kikapoa.

"Baba watoto," mkewe alisema siku moja mchana, bila kuacha kushona, "huo mfuko unauzunguka kama una nyoka ndani. Una nini?"

Alimwambia. Alimwambia yote, amesimama, mkono umeshika ukuta. Cherehani ikanyamaza.

"Nani asingekimbia?" mkewe alisema mwishowe. "Mnyama mkubwa kama gari! Ungebaki ningekuwa nimekuzika na wewe."

"Mlango, mama watoto. Niliufunga mlango."

Mkewe alikata uzi kwa meno, akaikunja nguo taratibu. "Mimi nimekusikia," alisema. "Lakini si mimi unayepaswa kunieleza."

Mjane wa Daktari alikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Alimkaribisha Macho katika sebule yenye vitabu na rafu moja ya meno ya plasta, safu juu ya safu, kazi za marehemu. Macho aliusimamisha mfuko wa fimbo karibu na mlango, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mama," alisema, "watu wamekudanganya, na mimi nimewaacha wakudanganye."

Akasimulia. Nyayo alizoziona, neno alilolikubali, mbio, kibanda. Alipomaliza, mjane aliuliza kama anayesahihisha daftari.

"Mlango ulikuwa wa nini?"

"Wa chuma, Mama."

"Ukafunga na komeo."

"Ndiyo."

"Yeye alikuwa mbali kiasi gani?"

"Hatua kama arobaini."

"Arobaini," alirudia. "Na goti lile."

Aliinuka, akaenda jikoni. Maji ya bomba yalisikika yakimwagika kwa muda mrefu, bila chombo kugongana na kingine. Macho alitazama mlango wa nje. Ingekuwa rahisi kuondoka, na pengine ndiyo ingekuwa adabu. Akajikaza, akabaki pale pale kitini.

Mjane aliporudi uso wake ulikuwa umelowa, na hakuufuta.

"Alikuita?"

"Mara moja."

"Kwa kupiga kelele?"

Macho alifikiri. Hilo hakuwa amejiuliza. "Hapana, Mama. Kama anayeuliza mpira umeangukia wapi."

Mwanamke alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa. "Ndivyo alivyokuwa akiniita na mimi. Hata siku nyumba ilipotaka kuungua." Alikaa. "Sikiliza. Kukusamehe, leo siwezi kusema, maana sijui, na sisemi nisichokijua. Lakini tangu azikwe watu wananiletea shujaa nisiyemfahamu. Wewe umeniletea mume wangu, na ukaidi wake. Sasa nenda. Mfuko uache hapo. Sikunyang'anyi, bado siwezi kufikiria nani azishike fimbo zake."

Macho alitoka. Hakujihisi mwepesi, kama alivyotarajia. Alihisi tu kwamba sasa anatembea na uzito wake mwenyewe, si wa mtu mwingine.

Kutoka pale alikwenda klabuni, akayarudia yale yale mbele ya kamati. Chumba kilipoa. Mjumbe mmoja alisema kwa nini kufukua yaliyokwisha kufukiwa. Makedi wenzake walimnunia kwa kuwachafulia jina, na wachezaji wawili wakaomba wasipangiwe naye tena. Lakini kamati ilikuwa imekwisha kumwita ofisa wa wanyamapori aje ampige risasi yule kiboko muuaji, na ofisa alipofika, Macho ndiye aliyempeleka kwenye kidimbwi.

"Alikuwa na ndama," alimweleza. "Sisi tulisimama kati yao. Nyayo nilikuwa nimeziona. Huyu mnyama hakumfuata mtu; sisi ndio tuliomfuata."

Ofisa alipima kwa miguu kutoka kidimbwini mpaka kwenye matete, akaandika, akaifunga bunduki kwenye mfuko wake. Shimo la kumi na moja lilifungwa mpaka mto ulipopungua, kisha nguzo za uzio zikachimbiwa upande wa maji.

Macho hakubeba tena mfuko wa mtu. Aliomba kazi ambayo haikuwepo, nao wakampa: kuuzunguka uwanja mzima kila alfajiri, peke yake, kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kuingia. Akikuta jambo, alisimamisha bendera nyekundu, na hapo hata mwenyekiti angenywa kahawa na kusubiri. Wengine walimfokea. Mwenye kampuni fulani ya ujenzi alimwambia kwamba mtu aliyekimbia hana haki ya kumzuia mwenzake. Macho akamjibu, "Ndiyo, Mzee, nilikimbia," na bendera haikusogea.

Mwaka haukuwa umetimia alipomkuta mjane wa Daktari amesimama langoni asubuhi, amevaa viatu vya mpira na koti zito.

"Nionyeshe," alisema.

Wakaenda. Alimwonyesha njia, na kidimbwi, na kibanda cha pampu. Mjane aliufungua ule mlango wa chuma, akaingia, akajifungia. Macho alisubiri nje kwenye baridi. Mjane alipotoka aliuliza tu mzunguko wote huchukua muda gani, akaambiwa saa moja na nusu kwa mwendo wa taratibu.

"Basi tuumalize," alisema.

Wiki iliyofuata alikuja tena, safari hii na chupa ya chai na vikombe viwili. Tangu hapo huja mara kwa mara. Macho hutangulia akitazama ardhi, Mama hufuata nyuma, na wakifika kwenye mwinuko wa shimo la mwisho husimama wakanywa, huku uwanja ukipata jua na wakata nyasi wakiwasha trekta.