Mate ya Nanasi

Kwa nini mama alimwita mtoto wa miaka miwili "maitu", yaani mama yangu, na mimi akaniita "wewe"? Hata leo harufu ya nanasi hunirudishia wivu ule. Siku za jua tulishuka hadi mto Chania, mdogo wangu mgongoni mwa mama, mimi kwa miguu. Mama alimlisha nanasi, kisha akamkingia viganja.

"Nibariki, maitu."

Mtoto akavitemea mate, mama akajipaka kifuani akicheka. Nami nikavitemea.

"Wewe! Huna adabu?" Kofi likafuata.

Sawa, mdogo wangu alipewa jina la nyanya, mamake mama. Lakini mate si mate tu?

Nilikuwa chuo kikuu nilipoambiwa kwamba nyanya alifia Ruiru wakati wa Hali ya Hatari, bila kumtemea mama viganjani mate ya baraka ya kuagana kama wazee wetu hufanya, na mama, akiwa hapa Thika, alinyimwa na wakoloni pasi ya kwenda mpaka kaburi likaota nyasi.