Nipe Kura, Nipe Kula

Mchana ule wa Kisugu, hapa Kampala, bado naukumbuka, mwanangu, maana ndipo nilipofanya kosa langu kubwa la kwanza katika kazi hii: nilimwondolea mwimbaji sauti yake, nikabandika ya mtu mwingine, kisha nikajisifu kwamba nimeiokoa filamu. Nakuita mwanangu ingawa ndevu zangu zenyewe bado zinatafuta njia. Neno hilo nimelirithi kwa bibi yangu, ambaye humwita hivyo hata fundi bomba mwenye mvi. Umekuja kwangu kujifunza kutengeneza filamu, na kabla sijakukabidhi kamera nataka ulijue jambo hili.

Sikuisomea kazi hii. Nilijifundisha kwa simu, nikitazama filamu za watu na kuzirudisha nyuma mpaka nijue kamera ilisimama wapi. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana hofu moja isiyompa nafasi: kwamba atatokea aliyesoma kweli amwambie mbele za watu, hapa umekosea. Mimi hofu hiyo ilinikaa mwilini. Hata ujumbe mfupi nikishautuma, naurudia kuusoma huku natokwa jasho.

Filamu ilihusu wasichana wanaoimba pamoja katika soko la Kalerwe, kati ya mafungu ya nyanya na mikungu ya matooke. Wanaingia shindano la televisheni ambalo mshindi huchaguliwa kwa kura za watazamaji, wanapanda, na mwisho wanasimama kwenye jukwaa kubwa jiji zima likiwajua. Nyimbo niliamua ziwe za Kiswahili, ili filamu ivuke mipaka ifike Kenya, Kongo na Tanzania. Sauti ya chini aliimba Esperance, ambaye wazazi wake walimleta Kampala kutoka Bukavu akiwa mdogo. Mwimbaji mkuu alikuwa Babirye, Muganda wa Kalerwe hasa, mama yake anauza ndizi pale pale sokoni. Alipofungua mdomo kuimba, watu waliacha kuhesabu chenji.

Shida ilikuwa kiitikio. Niliandika, "Nipe kura, nipe kura yako." Babirye, kama wengi waliolelewa na Kiganda, alibadilisha ile r bila kujua. Aliimba kwa moyo wake wote, "Nipe kula, nipe kula yako."

Niliisikia Mombasa nzima ikinicheka. Tulikuwa katika chumba tulichokodi Kisugu, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, joto jingi.

"Kura," nikamwambia. "Ulimi ucheze. Ku-ra."

"Ku-la."

"Kura. Kama karatasi."

"Haya, sebo," akajibu, akiniita bwana kwa Kiganda. "Kama kalatasi."

Esperance aliangua kicheko mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nikasema tena. Na tena. Nilisema "tena" mpaka sauti ya Babirye ikaanza kukwaruza.

"Yaya, muache apumzike," Esperance akaniambia, akiniita kama Wakongo wanavyomwita kaka mkubwa. "Sauti yake inaisha."

"Mimi si mtoto ya shule," Babirye akasema. "Mimi nakuja hapa kuimba."

Niliwaruhusu waende, nami nikafanya nilichodhani ni ufundi. Kwenye hosteli moja ya Wandegeya nilimpata mwanafunzi aliyekulia pwani, binti mwenye r safi kama sarafu mpya. Alirekodi kiitikio bila kosa. Nikaipachika sauti yake juu ya midomo ya Babirye, nikasawazisha kila herufi, kisha nikawaita wote waje kuona. Nilitarajia pongezi, mwanangu. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Babirye alijitazama kwenye kompyuta, akifumbua mdomo wake na kutoa sauti ya mwingine. Wimbo ulipoisha, akanigeukia.

"Huyo nani nasema ndani ya mdomo yangu?"

Nilianza kueleza habari za matamshi, na soko la Afrika Mashariki, na sijui nini. Akachukua mkoba wake.

"Kale," akasema, yaani haya basi kwa Kiganda. "Mwambie avae na sula yangu."

Akatoka. Esperance akamfuata bila hata kuniaga. Tukio la jukwaa kubwa, ambalo filamu yote ilikuwa ikielekea huko, tulikuwa bado hatujalipiga picha. Bila Babirye hakukuwa na filamu. Nilimpigia simu, hakupokea. Nikakaa na picha zangu nzuri za wasichana wanaopanda kuelekea mahali ambapo hawatafika.

Nikaenda kwa bibi, Bi Zuhura. Ukoo wetu ulikuja huku zamani kwa biashara kutoka pwani, na mpaka leo bibi anafundisha watoto Kurani barazani kwake. Kiswahili changu chote nimekipima kwa mdomo wake, kwa hiyo sikwenda kuomba ushauri, nilikwenda kuungwa mkono. Nikamwekea rekodi zote mbili.

Ya Babirye ilipoanza, mabega yake yakaanza kucheza. Ilipofika "nipe kula" alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, akataka irudiwe. Ya yule mwanafunzi aliisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

"Huyu anataka nini?" akauliza.

"Kura, bibi."

"Amesema vizuri. Lakini hataki. Yule mwingine ana njaa nayo."

Nikamweleza kwamba watu wa pwani watacheka. Hapo akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyeleta kiatu ndani ya msikiti.

"Mwanangu, ulimwita binti wa watu aje kuimba au aje kufanya mtihani? Mimi nikipiga simu Mombasa, binamu zangu wananicheka. Wanasema Kiswahili changu kimeota migomba. Utanibandika na mimi sauti ya mtu?"

Akaniongezea chai, na hiyo kwa bibi ni amri ya kunywa uondoke ukatengeneze ulichoharibu.

Nilimkuta Babirye kwenye meza ya mama yake, Kalerwe. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi, nimeyafanyia mazoezi njiani kote, na yote yakapotea. Nikasema tu, "Nilikukosea. Ile sauti nimeifuta." Kabla hajajibu, muuza kabichi wa meza ya pili akapaza sauti, akimwita bibie kwa Kiganda, "Nyabo, nipe kula!" Mwingine akamrushia Babirye ndizi mbivu, naye akaidaka, na meza nzima ya kina mama ikaitikia kiitikio changu, wakakatika viuno bila kuacha kumenya njegere. Babirye alikuwa akifanyia mazoezi pale, na soko lilikwisha kuuchukua wimbo.

"Wewe nasikia?" akaniuliza. "Hawa nacheka mimi?"

Nikasita. "Ndiyo, wanacheka."

"Kweri. Lakini mimi ndiye nachekesha." Akaimenya ile ndizi. "Nitaludi. Tunapiga hapa, na hawa watu. Naimba yangu. Na wewe ukisema 'tena', useme kwa nini."

Naapa, mwanangu, hapo ndipo nilipoona tundu lililokuwa katikati ya filamu yangu. Niliandika kwamba watu wanawapigia kura wasichana hawa, lakini sikuwa nimeandika kwa nini. Nilikuwa nimeandika tu, "Watu wanashangilia." Tukapiga tukio la kiitikio upya sokoni. Babirye akaimba "nipe kula" akinyoosha mkono, muuza kabichi akamkabidhi kabichi, soko likalipuka, na mtazamaji yeyote sasa anajua umaarufu wao ulianzia wapi. Tulipopiga lile la jukwaa kubwa hakubadilisha kitu, ila umati wote ulinyoosha mkono pamoja naye.

Tulipoionyesha mara ya kwanza, katika ukumbi wa hosteli Wandegeya, nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Kiitikio kikafika, ukumbi ukacheka. Babirye akasimama kwenye kiti chake akacheka kuliko wote, kisha wakaanza kuimba naye. Na yule mwanafunzi wa pwani, mstari wa mbele, alikuwa akipiga kelele, r yake safi ameitupa mwenyewe: "Nipe kula!"

Basi nasaha yangu ni hii. Makosa yako yafute bila huruma, makosa ya picha, ya mwanga, ya uvivu. Lakini mtu akija na sauti yake, usiihesabu miongoni mwa makosa kabla hujaisikiliza ukiwa huna hofu. Ukitaka arudie, mwambie sababu, na sababu isiwe aibu yako wewe. Mungu akupe sikio pana kuliko woga wako, akuletee waimbaji wakaidi, na akujalie bibi wa kukutuma urudi ukaombe radhi.

Hofu yangu ipo bado, sikudanganyi. Jasho bado linanitoka nikituma ujumbe. Kilichobadilika ni kwamba nikirekodi siku hizi, mara ya kwanza nasikiliza wimbo mpaka mwisho, mikono yangu ikiwa mbali na kitufe.