Godoro la Mama na Sanduku la Kamera

Kaka yangu aliingia chumbani bila hodi, akaanza kupima godoro kwa shubiri huku Mama amelala juu yake. Alianzia kwenye nyayo za Mama, akashuka hadi ukingoni, akarudia tena, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nakunja shuka.

"Huku chini Mama hafiki," akasema. "Kipande chote hiki kinakaa bure."

Mama akacheka. Tangu kiharusi kimlaze upande mmoja, kicheko chake kilikuwa kinatoka upande wa kushoto wa mdomo tu, na kilikuwa hakitoki mpaka kaka aje.

"Kateni," akasema. "Mimi si twiga."

Godoro lile nililinunua mimi. Niliuza mpunga wangu baada ya nesi kuniambia kwamba vidonda vya mgongoni vya Mama havingepona juu ya kile kitambara alichokuwa analalia. Nikazunguka maduka ya Kahama nikibonyeza magodoro kwa ngumi, nikachagua lililoshiba sponji, lile ambalo ukilibonyeza linarudi polepole mahali pake. Vidonda vikaanza kufunga. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia mgongo wa yule mwanamke.

Kaka anapiga video za harusi. Mwenye duara, shimo la kuchimbia, akipata dhahabu huoa kwa kishindo, na kaka huitwa Geita, Chato, popote palipo na ukumbi na mapambo. Alikuwa amenunua sanduku gumu la plastiki kwa mtu aliyekuwa anahama mgodini, sanduku zuri lenye vifungo vya chuma, ila sponji ya ndani ilikuwa imezeeka hadi kuwa unga. Akajaza sponji laini ya masofa. Kwenye safari ya Buseresere gari lilirukaruka, lenzi ikagonga ukuta wa sanduku, kioo kikapasuka, na kaka akarudi nyumbani akiilaumu barabara. Fundi masofa akamwambia anahitaji sponji ngumu. Kaka yangu si mtu wa kununua kitu ambacho nyumbani kipo, hasa kama kimelaliwa na mtu mwingine.

"Wewe ni fundi cherehani," akaniambia. "Mkono wako hautetemeki. Nikatie."

Nikamwambia akakate godoro la mke wake.

"Mkatie kaka yako," Mama akasema. "Yeye ndiye anayehangaika barabarani. Wewe upo tu hapa."

Mimi nipo tu hapa. Namwosha, namlisha, namgeuza asubuhi, mchana na jioni, mpaka kiuno changu kimekuwa cha bibi kizee. Sikutaka zawadi. Nilichotaka kutoka kwa Mama ni kwamba siku moja, mbele ya mtu yeyote, hata muuza mkaa, aseme nani anamtunza. Nilidhani nikikata bila maneno, atasema.

Tulimkalisha kwenye kiti. Kaka alimshika bega kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye simu. Nilikata kile kipande cha chini kwa kisu cha mkate chenye meno, nikakipasua katikati kupata matabaka mawili: jembamba la kukaa chini kabisa, nene la kukata matundu. Nikalaza kamera juu ya lile nene, nikaizungushia chaki yangu ya kitambaa, nikafanya hivyo kwa lenzi, maikrofoni, kinasa sauti na betri. Vizito niliviweka katikati na kuacha ukuta mpana kati yake, maana ukuta mwembamba hulala na vitu vikaanza kugongana.

Kisha nikakata ndani ya mstari. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ukikata juu ya mstari wenyewe, tundu linakuwa kubwa na kitu kinacheza. Unaingia ndani kidogo, unene wa njiti ya kiberiti, ili sponji iwe inakibana. Pembeni unaacha nafasi ya vidole viwili, la sivyo mtu ataitoa kamera kwa kuvuta mkanda mpaka ukatike. Matabaka nikayagandisha kwa gundi ya viatu, nikayaanika juani hadi harufu ikaisha.

Nilitamani kuikata vibaya. Nilikuwa na hasira ya kutosha, ila mikono yangu haijui kuharibu sponji. Kaka alifunga sanduku, akalitikisa karibu na sikio, hakusikia kitu. Akampelekea Mama.

Mama akabonyeza sponji kwa mkono wake mzima. "Umetengeneza vizuri, baba," akamwambia. Naye akajibu, "Asante, Mama."

Baada ya miezi kadhaa alinunua kamera ndogo ya kurusha angani, na sanduku la pili. Safari hii hakupima. Alinionyesha tu kwa kidole, na Mama akakunja goti lake moja linalokunjika ili kumpisha. Nikakata tena, na kuanzia hapo godoro liliishia juu kidogo ya vifundo vya miguu. Mguu uliokufa hauwezi kukunjwa ukabaki hivyo, basi kisigino chake kilishinda kwenye mbao za chaga. Nilikuwa nakifungia kitenge, kikawa kinateleza. Kidonda kikatoka, cheusi katikati.

Jumuiya ilikuja kusali Jumamosi. Kaka alikuwepo siku hiyo, amevaa shati jeupe, amekaa karibu kabisa na Mama, sanduku miguuni, kwa kuwa alikuwa na harusi ya mchana. Mimi nilikuwa namimina chai. Baada ya sala mama mmoja akafunua blanketi, akakiona kile kisigino.

"Mayu," akamwita Mama kwa Kisukuma, "mbona godoro halikufikii?"

Mama alimpapasa kaka goti. "Godoro alininunulia huyu ng'wanone, huyu mwanangu," akasema. "Godoro zuri kweli, muulize yeyote." Kisha akanielekezea kidevu. "Yule pale ndiye aliyelikata."

Chumba kizima kikaitazama mikono yangu. Nikamtazama kaka. Nilingoja akanushe, hata kwa nusu ya neno. Akamfunika Mama blanketi vizuri.

"Mama, usiongee sana," akasema. "Utachoka."

"Pole, mayu," yule mama akasema, akakirudisha kikombe nilichokuwa nimempa kikiwa bado kimejaa. Wakaaga. Kaka naye akaondoka nao, akiulizwa bei ya kupiga picha za kipaimara.

Nilikaa jikoni nikiwa namchukia Mama, namchukia waziwazi, kama unavyomchukia jirani. Saa ya kumgeuza ilifika, sikwenda. Nilijiambia kwamba aniite, aniite kwa jina langu, mara moja tu.

Akaita. Alimwita kaka. Aliita tena, kwa sauti ndogo zaidi, na kaka alikuwa ameshafika njia ya Geita, basi nikaenda mimi nikamgeuza.