Ukingo Alioukata Pasikali

Fundi bati Pasikali alijulikana Kumsenga nzima kwa ubishi wake mmoja: hakuacha ukingo ukining'inia. Bati likizidi ukuta kwa vidole viwili, alichukua mkasi akalikata. Upepo wa nyanda hizi za Kibondo, alikuwa akisema, unatafuta tu pa kushika. Ukipapata, unaondoka na paa. Kwa miaka ishirini hakuna paa lake lililoruka, na jambo hilo hakuchoka kulitaja, hata msibani.

Ndiyo maana aliitwa yeye, Oktoba 2014, Mwalimu Theodosia alipofika kutoka chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam na bomba la plastiki kwapani. Ndani yake mlikuwa na sola, lakini si ile ya kioo ambayo kila mtu aliijua. Hii ilikuwa nyembamba kama jalada la daftari, nyekundu iliyokolea, unaikunja kama mkeka. Ilikuja kwa majaribio, iwashe taa moja tu yenye betri yake katika chumba cha kujifungulia cha zahanati. Sista Aneth, nesi aliyepangiwa kazi huku kutoka Singida, alikuwa anazalisha wanawake huku amebana tochi kwa meno.

"Umeme unatoka wapi kwenye nailoni, Mwalimu?" Pasikali aliuliza, akiigeuzageuza.

"Umewahi kula maharage yaliyochanganywa na mahindi?"

"Muha gani hajala?"

"Basi humu mna vitu viwili vimechanganywa hivyo hivyo, ila chembe zake huzioni kwa macho. Jua likilipiga harage, zinazaliwa chaji mbili, hasi na chanya. Kwenye sola ya kioo zingeachana hapo hapo, kila moja ikaenda zake. Humu zinazaliwa zimekumbatiana, na hazina nguvu ya kwenda mbali. Zisipogusa hindi upesi, zinarudiana, zinazimika, unabaki na joto tu."

"Na zikigusa?"

"Hindi linainyakua ile hasi. Chanya inabaki kwa harage. Kuanzia hapo hasi inaruka kutoka hindi hadi hindi mpaka ifike upande mmoja, na chanya inaruka kutoka harage hadi harage kwenda upande wa pili. Ukiunganisha waya pande zote mbili, taa inawaka."

Pasikali aliinua karatasi ile juani. "Kwa hiyo mtu na mkewe wasipotenganishwa, hatupati taa."

"Ndivyo."

"Yaani umeme ni talaka!"

"Talaka za huku zingekuwa zinawasha taa," alisema Sista Aneth, "Kumsenga ingeng'aa kuliko mji wa Kasulu."

Walicheka wote watatu. Kisha Mwalimu Theodosia akamkabidhi Pasikali mita na daftari. Kila siku saa sita mchana apime, aandike, na kila Jumamosi amtumie namba hizo kwa simu. Namba ikianza kushuka, apige simu siku hiyo hiyo. Mawingu yalikuwa yanajikusanya na barabara ilikuwa ya udongo, kwa hiyo mwalimu aliondoka kabla kazi haijaisha.

Pasikali alipanda juu peke yake. Alipoitandika ile karatasi ya sola aliona kitu kisichompendeza: kuizunguka pande zote kulikuwa na ukingo mweupe wa plastiki tupu, vidole viwili, usio na wekundu wala waya. Haukuenea kati ya migongo ya bati, na upepo ulikuwa umeshauona. Akatoa mkasi. Aliukata kwa unyoofu kama wa rula, akagandisha karatasi kwa gundi, akashuka ameridhika.

Siku ya kwanza mita ilisema mia tatu na ishirini. Sista Aneth aliwasha taa mchana kweupe, akasimama chini yake na kucheka peke yake. Kabla ya Krismasi watoto kumi na mmoja walikuwa wamezaliwa chini ya taa ile.

Januari ikasema mia mbili na arobaini. Pasikali aliiosha karatasi kwa kitambaa laini. Alibadilisha waya. Ikashuka tena. Kila asubuhi alishika simu, na kila asubuhi aliona jinsi ambavyo Mwalimu angekuja na fundi wa mjini, na watu wakauliza fundi yupi huyo aliyeharibu taa ya wazazi. Akaandika mia tatu na kumi. Kesho yake akaandika mia tatu na tano, ili isionekane ya kutunga. Machi mita ilipokuwa inasoma mia moja na kumi, daftari lilisema mia tatu, na Mwalimu alimtumia ujumbe wa kumpongeza. Aliusoma amesimama shambani, akaufuta.

Mei 2015 Warundi walianza kuvuka mpaka kwa mamia, wakikimbia machafuko ya kwao. Jioni moja ya mvua, saa moja na nusu, waliletwa watatu zahanati, mmoja wao Niyonsaba, akiwa na uchungu tangu alfajiri. Mumewe alikuwa amezuiliwa upande wa pili. Yeye alisukumwa mbele na umati akajikuta Tanzania. Taa iliwaka dakika kumi, ikawa ya njano, ikawa nyekundu, ikazima. Betri za tochi zilikuwa zimekwisha tangu juzi.

Pasikali alikuja mbio amelowa. Mara hii alipiga simu.

"Daftari lako linasema mia tatu," Mwalimu Theodosia alisema.

"Daftari linadanganya. Mimi ndiye niliyelidanganyisha. Leo ilikuwa arobaini, na taa imezima mama anajifungua."

"Tangu lini?"

"Januari."

"Pasikali, ule ukingo wa plastiki upo?"

"Niliukata. Ulikuwa unapepea."

Alisikia pumzi ndefu. "Ule ukingo ndio uliokuwa umeifunga. Hewa na unyevu vimeingia pembeni. Jua bado linazizalisha chaji, lakini njia zimejaa mashimo. Zinadumbukia na kufia humo, hazifiki kwenye waya. Huyo mama yuko mezani sasa hivi?"

"Yuko."

"Basi kata simu! Mmulikie!"

Simu ilikuwa imebakiwa na asilimia sita. Mwanamume haingii chumba kile, kwa hiyo Sista Aneth alitundika kitenge mlangoni, na Pasikali akapitisha mkono tu, uso ameuelekeza ukutani. Alisikia Kirundi, ndugu wa Kiha chake, alielewa karibu kila neno, akatamani asielewe.

"Juu kidogo, fundi. Kushoto. Hapo, usitikisike." Mtoto alilia. Pasikali aliegemeza paji la uso kwenye ukuta. "Usiondoe mkono! Damu inatoka, sijaona inatokea wapi. Karibu zaidi. Fundi, mwanga!"

"Umekwisha, sista."

"Umekwisha nini? Mwanga!"

Aliendelea kuinyoosha ile simu iliyokufa, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mkono wake. Gizani Sista Aneth alipapasa, akakandamiza, akaita jina la Niyonsaba mara nyingi. Gari la watu waliokuwa wakihudumia wakimbizi lilipatikana baada ya karibu saa nzima.

Siku ya tatu Pasikali alikwenda Kibondo mjini. Niyonsaba alikuwa hai. Madaktari walikuwa wameondoa kizazi. Mtoto, wa kiume, alilala kifuani pake, na kuhusu mumewe hakuna aliyekuwa na habari. Muuguzi alimwambia mgonjwa kwamba huyu ndiye aliyemulika.

"Urakoze cane," alisema Niyonsaba. Asante sana. Akauchukua mkono wa Pasikali, ule ule, akaushika kwa mikono yake miwili.

Pasikali alikuwa amefunga safari ili aseme ukweli. Alijaribu, kwa Kiha, polepole: taa, ukingo, mkasi. Niyonsaba alikuwa ameshasinzia.

Alitoka akakaa kwenye ngazi za wodi, akafungua daftari. Alianza Januari, akikata kila namba kwa mstari mmoja na kuandika ya kweli pembeni. Alizikumbuka zote.