Nilivyopanga upya wiki ya Nota Huru, na besi tuliyokuwa tunaimba vibaya Nakivale

Wakuu, habari za humu ndani.

Leo nina kisa changu mwenyewe, sijaambiwa na mtu. Hakina mapenzi wala uchawi. Ni habari ya wiki (si ya siku saba, ni ile tovuti ya maelekezo inayohaririwa na wengi), kwaya na mzee mmoja ninayempenda sana. Anayetaka umbea apite tu, hatutagombana.

Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini. Nyumbani ni Kashojwa, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale hapa Uganda, ila siku za kazi nipo Mbarara, upande wa Ruharo, nahudumia internet cafe. Jumamosi narudi kambini kwa ajili ya kwaya. Naimba besi, mstari wa nyuma.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa Papa Bulambo. Nyimbo zote alizotoka nazo nyumbani Kongo zilikuwa kichwani mwake, sauti zote nne. Mwaka 2013 faili lake la kwenda Canada likaanza kusogea. Mnajua mambo hayo, ukiitwa unaondoka. Tusipoziandika, nyimbo zinapanda ndege naye.

Nikamletea Nota Huru. Ni programu huria ya kuandika nyimbo kwa solfa, zile do-re-mi, imetengenezwa na watu wa kujitolea, haiuzwi. Programu nzuri kabisa.

Shida ilikuwa wiki yake.

Wakuu, ile wiki ilikuwa kama stoo ya parokia. Ukurasa wa "Anza Hapa" unakutuma "Anza Hapa Mpya", na huo mpya unakurudisha kule kule. Unaambiwa ubonyeze kitufe ambacho kiliondolewa zamani. Kuhifadhi wimbo kulikuwa na kurasa kadhaa, zote zinabishana.

Papa Bulambo akafuata mmojawapo. Akachapa wimbo Jumamosi nzima, kwa kidole kimoja, akahifadhi. Alipofungua tena, soprano ipo, sauti nyingine zote zimepotea.

Akaitazama laptop kwa huruma. "Iyi mashini iko na njala," akasema. "Imekula bass yote."

Mimi sina huruma hiyo. Nikawaandikia wenye project barua kali. Kiongozi wao, Mholanzi mmoja mpole, akanijibu kwa mistari miwili: umesema kweli, nimekupa ruhusa ya kuhariri wiki yote, karibu.

Ndiyo hivyo kwenye kazi za kujitolea. Ukilalamika vizuri unapewa kazi.

Nikaanza kufuta. Nilifuta kwa raha kabisa. Jumamosi iliyofuata nikawa namwonyesha Papa Bulambo nilivyosafisha, akaona jina la aliyeandika ukurasa mmoja niliokuwa nimeufuta.

"Huyu mutu alitumika bure," akasema. "Sasa unamufukuza juu ya nini? Weka bintu yake fasi ingine." Kikwetu kutumika ni kufanya kazi, na fasi ni mahali.

Hapa niwaeleze kitu. Kwenye kwaya yetu, aliyeleta wimbo hasahauliki. Hata akienda ng'ambo, kabla ya kuuimba lazima mtu aseme: huu ni wimbo wa fulani. Bila hivyo hatuanzi.

Basi nikarudisha kurasa nilizofuta. Kurasa za zamani nikazitengea sehemu yake, kila moja juu imeandikwa ni ya toleo gani na nani aliiandika. Ikawa bahati, maana laptop zetu za kambini zilikuwa chakavu, nyingine toleo jipya zililikataa kabisa, zikahitaji maelekezo ya lile la zamani.

Kurasa mpya nilikuwa nazichapisha Ruharo, nakwenda nazo Kashojwa, nampa Mama Neema wa soprano, ambaye kompyuta alikuwa haipendi hata kidogo. Akikwama, naandika upya. Alikwama sana, Mungu ambariki.

Nyimbo zikaanza kuingia. Moja tu Papa Bulambo alikuwa anaiahirisha, ile aliyoitunga mwenyewe, "Maji ya Nyumbani". Tukimkumbusha anacheka: "Iyo mutaijua tu. Iko mwepesi."

Kisha akaitwa, ghafla.

Tulimsindikiza Base Camp, zilipo ofisi za kambi, mpaka kwenye basi. Hakutoa hotuba. Aliikunja ile karatasi niliyochapisha ya ukurasa wa "Anza Hapa" yenye anwani ya wiki, akaitia mfukoni mwa koti. Akaniambia, "Muchunge bass. Soprano itajichunga yenyewe."

Nililia, sioni haya kusema.

Tukaichapa "Maji ya Nyumbani" kwa kukumbuka. Mwisho wa ubeti wa pili sisi wa besi tulibishana, wengine wanapanda, wengine wanashuka. Tuliopanda tulikuwa na sauti kubwa zaidi, tukashinda. Nikauweka wimbo kwenye wiki uwe mfano wa sauti nne, juu yake nikaandika: Wimbo wa Papa Bulambo.

Kutoka Canada hakuna simu, hakuna ujumbe, mwaka baada ya mwaka. Ukafika wakati tukawa tunalitaja jina lake kabla ya wimbo kwa sauti ya chini, kama watu wanaoogopa kuuliza kama bado yu hai.

Mwaka huu, nipo kazini Ruharo, inaingia email ya wiki: ukurasa wa mfano umebadilishwa. Mtumiaji mpya. Nikakasirika kwanza, nikajua ni wale wanaobandika matangazo.

Nikafungua. Imebadilishwa besi tu, mwisho wa ubeti wa pili. Kwenye nafasi ya maelezo ameandika:

"Hapa munashuka, hamupandi. Nilisema mara mingi."

Mteja alikuwa ananiuliza bei ya kuchapisha, nikamgeuzia kompyuta asome: ni Papa Bulambo huyu!

Jumapili hiyo Mama Neema alisimama akasema kwa sauti yake yote, huu ni wimbo wa Papa Bulambo. Tukaimba, na pale mwisho besi yote tukashuka.

Nilichojifunza, wakuu: ukipanga nyaraka, acha majina ya watu, na kitufe cha kuhariri kiache wazi. Hujui nani bado anatafuta pa kuingilia.

Wenzangu mnaotunza wiki za kujitolea, kurasa za zamani mnazifanyaje? Na wa besi humu mjitokeze, tusameheane.