Foleni ya Maji Meupe, Mtaa wa Mchikichi

Watu zaidi ya sitini walipanga foleni mlangoni kwetu Kariakoo, kugombea maji ya kupoozea mashine.

Hakuna aliyewaita.

Mimi ndiye niliyeshika ndoo, na mimi peke yangu nilijua ndani kuna nini. Nikashindwa kuwaambia. Si kwa ubaya. Ni aibu tu, ile ya mtu anayepitishwa kituo na basi kwa kuogopa kusema "nashuka".

Naitwa Mboni. Mwaka themanini na tatu nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa Magomeni kwa shangazi. Shule niliishia darasa la tano. Kila asubuhi nilitembea mpaka Mtaa wa Mchikichi, kwa Bwana Umakant, kufanya kazi ambayo shangazi hakuielewa hata siku moja.

"Kwani kwa huyo Mhindi unafanya nini?"

"Namwagilia aluminiamu."

"Inaota?"

Bwana Umakant alikuwa karani mstaafu. Uani alikuwa na mashine ndogo ya kuchonga, kimo chake kama cherehani mbili zilizobebana. Haikuwa ya biashara. Wenzake walifuga njiwa, yeye alijichongea garimoshi la aluminiamu, urefu wa mkono. Mwaka wa saba huo, na bado halikuwa na magurudumu.

Mkewe, Mama Vidya, alisema reli ya kwenda Zambia ilijengwa upesi zaidi.

Sasa aluminiamu ina tabia mbaya. Kisu cha mashine kikipata joto, inakigandia kama ugali kwenye mwiko. Lazima mtu asimame na brashi, adondoshe kitu cha kupooza. Mtu huyo ni mimi.

Tulianza na mafuta ya taa. Yanachonga vizuri, sikatai. Lakini moshi wake nilikuwa naubeba kifuani mpaka Magomeni. Halafu siku moja cheche ya mota ikashika kitambaa, kitambaa kikashika kanga yangu. Mama Vidya akanizima kwa sufuria ya dengu alizoloweka.

Nilinuka dengu siku mbili.

Bwana Umakant aliona vibaya sana. "Mboni, tutafute kitu salama. Garimoshi litangoja."

Likangoja. Spiriti tuliikataa bila kuijaribu, maana hiyo inawaka kuliko mafuta ya taa. Maji matupu yakatia mashine kutu. Mafuta ya nazi yalifanya kazi, ila yakipata joto yananukia wali, majirani wakaanza kupita na sahani. Maji ya sabuni? Mwaka ule sabuni ilikuwa inafungiwa kabatini na kufuli.

Mwishowe shemeji yake wa kiwandani akampa galoni ya mafuta ya mashine yanayokubali maji. Kipimo kimoja cha mafuta, ishirini vya maji. Hayashiki moto. Hayatoi moshi. Ukimaliza, unanawa mikono basi.

Kasoro moja tu. Ukishayachanganya, yanakuwa meupe. Meupe pe.

"Usinywe tu," Bwana Umakant akaniambia.

Tukacheka. Nani anywe?

Jumamosi moja yeye na Mama Vidya walikwenda msibani Upanga, wakaniacha nichanganye ya wiki nzima. Uani kulikuwa na joto la kukaangia samaki. Nikatoa ndoo mlangoni nipate upepo, nikawa nakoroga na mwiko.

Mliokuwepo mnaikumbuka Bongo ya wakati ule. Ukiona foleni unapanga kwanza, kuuliza baadaye. Kama una haraka unaacha jiwe lako kwenye mstari, na jiwe linaheshimiwa kuliko mtu. Shangazi yangu aliwahi kupanga saa tatu nzima akapata betri za redio. Redio yenyewe hatuna.

Wa kwanza kutokea alikuwa Mama Candida, mjane wa nyumba ya tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yanatolewa?"

"Hapana mama, haya siyo..."

"Hayajaanza. Haya, nasubiri."

Akaweka kikapu chake chini, mbele ya ndoo.

Kikapu peke yake ni kikapu. Kikapu mbele ya ndoo nyeupe ni foleni.

Msukuma mkokoteni akaegesha palepale. Akaja fundi viatu. Wakaja wanawake wanne wametoka sokoni bila kitu. Nyuma nikasikia:

"Kuna nini?"

"Sijui, ila ni cheupe."

"Unga?"

"Kinakorogwa."

"Maziwa hayo! Niwekee jiwe, namwita mama!"

Nikajikaza. "Ndugu zangu, haya siyo maziwa."

"Tunajua siyo ya ng'ombe, dada," akasema fundi viatu. "Ni ya unga. Ng'ombe sisi tumemwona wapi?"

"Siyo hata ya unga, ni ya..."

"Ya msaada!" akadakia msukuma mkokoteni. "Ya msaada ndiyo mazuri!"

Foleni ikapiga makofi.

Hapo akafika Balozi Leodegar, balozi wetu wa nyumba kumi, amevaa kaunda suti yake ya mikutano. Bwana yule alikuwa ananusa mkusanyiko kama paka anavyonusa dagaa.

"Kidumu Chama!"

"Kidumu!"

"Ndugu Mboni. Mali hii ya nani?"

Mwaka ule ulikuwa wa msako wa walanguzi. Ukikutwa na miche ya sabuni isiyo na maelezo, unaenda kuitafutia maelezo ndani. Niseme ni ya Bwana Umakant? Ndoo nzima ya maziwa, imefichwa kwa Mhindi? Wangemfuata hukohuko msibani.

Nikatazama miguu yangu.

"Kimya ni kukiri," akasema Balozi. "Basi ni mali ya wananchi. Tunaunda kamati ya foleni."

Kamati ikaundwa: watu watano, na Balozi mwenyekiti. Ikakaa kikao palepale kwenye baraza. Azimio la kwanza, kila kaya nusu lita. Azimio la pili, kamati ipewe kwanza, kwa usimamizi bora.

Hilo la pili lilipita bila kupingwa. Waliopiga kura ni kamati.

Nilisema "siyo" mara nyingine nne. Nilizihesabu. Mara ya kwanza wakanimalizia, "siyo ya kutosha." Ya pili, "siyo ya bure." Ya tatu na ya nne nadhani nilisemea tumboni.

Ndipo akaja Sitara.

Sitara alikuwa binti wa rika langu, mke wa mshona magunia. Mgongoni ana mtoto wa miezi minane, anaharisha siku ya tatu, macho yameingia ndani. Hakuomba kitu. Alikwenda kuweka ndala yake nyuma kabisa.

"Ee, huyo mpisheni!" akaita fundi viatu. "Ana mtoto mgonjwa!"

Na wakampisha. Watu waliokuwa wanatukanana kwa ajili ya jiwe, wote sitini, walijibana ukutani akapita. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kuwacheka sana.

Balozi mwenyewe akachota kikombe. Akachovya kidole, akakisugua.

"Yana mafuta haya! Mazito!"

Wakashangilia. Akampa Sitara kikombe. Sitara akamshusha mtoto, akamwinua kichwa, akakisogeza mdomoni.

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Mkono ndio uliotoka.

Nilikipiga kile kikombe kikaruka, na maji meupe yote yakaishia kwenye kaunda suti ya Balozi, toka kola mpaka mifukoni.

Kariakoo, saa tano asubuhi, ukasikia mtu anameza mate.

"Hujuma!" akapiga kelele Balozi. "Amemwaga maziwa ya mtoto!"

Sauti yangu ikaja hapo. Yote kwa mpigo, kama ilikuwa imepanga foleni nayo.

"Siyo maziwa! Ni maji ya mashine! Yana mafuta ya mashine, mtoto akinywa mtamzika! Toka asubuhi nasema siyo, siyo, mnanimalizia wenyewe! Nani kawatuma kunimalizia?"

Nikamshika Sitara mkono, nikamwingiza uani, nikawasha mashine. Nikachota yale maji, nikayamwaga juu ya kipande cha garimoshi. Kisu kikalia, vipande vya aluminiamu vikaruka vinang'aa, maji meupe yakatiririka kwenye sinia, yameshaanza kuwa ya kijivu. Mlangoni vichwa vilikuwa vimebebana.

Sitara akakaa chini kwenye saruji. Akamkumbatia mwanawe, akaanza kulia bila sauti.

Balozi akakohoa.

"Ndugu wananchi. Kamati ilikuwa tayari imeshaanza kushuku."

Mnadhani foleni ilitawanyika? Wapi!

"Kama si maziwa, yanafaa nini?" akauliza mmoja. "Hayang'arishi sufuria?"

"Tumeshapanga, hatuondoki mikono mitupu!"

Nilifunika ndoo, nikakalia kifuniko. Nikamwambia kila aliyekuja, machoni, hapati. Fundi viatu na msukuma mkokoteni wakamchukua Sitara na mtoto kwenye mkokoteni, wakawapeleka zahanati. Mtoto alipona. Leo ni baba wa watu.

Bwana Umakant aliporudi akaandika SUMU kwenye ndoo kwa rangi nyekundu. Kesho yake mlangoni tukakuta mawe matatu. Mtaani walisema ile SUMU ni mbinu ya Mhindi kuficha maziwa.

Lakini hilo silo linalonirudia.

Jumamosi ileile, watu walipokwisha kuondoka, Mama Candida alibaki. Akasogea kuchukua kikapu chake. Akasimama, hatoki.

"Mimi nilijua, mwanangu."

"Ulijua nini, mama?"

"Marehemu mume wangu alifanya kazi karakana ya reli miaka kumi na minane. Harufu ile nilikuwa naifua kwenye nguo zake. Nilipoinamia ndoo tu, nikajua."

"Sasa mbona ulipanga?"

Akakitazama kikapu.

"Miaka miwili, Mboni, sijawahi kuwa wa kwanza. Kila nikifika, yameisha. Leo watu wote wale wako nyuma yangu, wananiuliza mimi: Mama Candida, yanaanza saa ngapi? Nikasema, ngoja nikae kidogo."

"Na mtoto wa Sitara?"

"Nilikuwa nafungua mdomo. Ukaniwahi."

Sijui kama ni kweli. Sikumuuliza tena, kwa sababu na mimi nilikuwa najua, tena ndoo ilikuwa mkononi mwangu.

Funzo langu ni dogo. Mtu akianza kusema "siyo", mwacheni amalize. Na wewe mwenye aibu kama mimi, sema mapema, foleni ikiwa bado ya kikapu kimoja. Ikishafika kona, hata ukweli utaambiwa upange nyuma.